Mkate Mweusi wa Masumbwe

Mwezi uliopita, kwenye harusi ya mjukuu wa jirani yangu hapa Shinyanga, vijana wawili walimwinua mzee mmoja kutoka kwenye kiti chake wakamleta taratibu hadi mkekani nilipokuwa nimekaa. Sikumtambua mpaka alipocheka. Alikuwa Ramadhani, yule fundi cherehani wa Masumbwe, ambaye sikuwa nimemtia machoni tangu tukiwa vijana. Macho yake yamefifia, meno yamekwisha, lakini ulimi uko palepale. Aliwageukia wageni akasema kwa sauti ya kufika hadi jikoni, "Mnamjua huyu? Huyu ndiye Tatu, aliyetulisha Waislamu mkate wa pombe!" Watu wakacheka, maana mzee akisema neno kwenye harusi huchekewa. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Ramadhani, hukuchungulia chunguni wala hukuonja, na miaka yote hii hujachoka kusema." Akadhani natania. Akanipigapiga begani kama mtu aliyekutana na rafiki, akaomba aongezewe pilau.

Niliporudi nyumbani nilitoa daftari. Nilijifunza kuandika nikiwa tayari na wajukuu, katika darasa la watu wazima, na mwandiko wangu ni wa kuparuaparua, lakini unasomeka. Ninaandika habari za mwaka ule mmoja kwa sababu Kabula amefariki na hawezi tena kujisemea, na katika maneno yale yeye ndiye aliyevunjiwa heshima kuliko mimi. Nilizaliwa wapi, nani alinioa na kwa nini aliniacha, mwenye haja ya hayo ataniuliza uso kwa uso. Inatosha kusema kwamba nilifika Masumbwe nikiwa na miaka ishirini hivi, nimeachika, nina kisanduku kimoja cha nguo, na nimekwisha kuapa kwamba sitarudi kwa mtu yeyote kuomba anilishe.

Siku zile kila aliyesikia neno dhahabu alikuwa njiani kwenda upande wa Geita, na Masumbwe palikuwa mahali pa kupumzisha magari na miguu. Wachimbaji walipita na sululu zao begani, madereva wa malori walilala chini ya magari yao, na wafanyabiashara kutoka Tabora na pwani walikuwa wamejenga nyumba za udongo zenye baraza pande zote mbili za barabara. Nilipanga chumba kwa Bi Hadija, mjane wa makamo. Kilikuwa chumba cha kitanda kimoja cha kamba na dirisha la kuingiza mkono tu, na kuta zake hazikufika paani, hivyo lolote lililosemwa sebuleni nililisikia kama nimekaa hapohapo. Uani kulikuwa na kisima na tanuri la udongo wa kichuguu. Marehemu mume wa Bi Hadija alikuwa mwoka mikate, na tangu afariki tanuri halikuwashwa, ila mama yule alilifagia kila Alhamisi. Mimi nilianza kwa kukaanga vitumbua na kuchoma chapati za madereva. Jioni tulikula pamoja ugali wa mtama na mlenda, naye alinisimulia jinsi mumewe alivyokuwa akiamka alfajiri na kukanda huku akisoma nyiradi. "Mikate yake ilikuwa myeupe kama kanzu," alisema. "Wewe una mikono mizuri, mwanangu. Liwashe."

Ningeliwasha na kuoka mikate myeupe kama kanzu, na habari hii nisingekuwa nayo ya kuandika. Lakini mvua za mwaka ule zilikata barabara ya kutoka Shinyanga, malori ya upande huo yakakwama kwenye matope, na unga mweupe ukaisha katika maduka yote. Kilichobaki kilikuwa magunia manne ya ngano ya Ramji, Mhindi mwenye duka la karibu na kisima cha chini, aliyoyaweka kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe. Mkewe aliisaga kwa jiwe la mkono, pumba na kiini chake pamoja, ikatoka unga wa rangi ya udongo wa barabarani. Nilipomwambia Ramji kwamba nataka kuokea mikate alitikisa kichwa. "Hii ata, Tatu. Ata ni ya chapati. Mkate hapana, haisimami." Nilimwambia anipe hivyohivyo pamoja na kikopo chake cha mwisho cha hamira. Nadhani kama angesema, "Jaribu," ningejaribu mara moja nikaacha. Alisema hapana, na neno hilo nilikuwa nimelisikia vya kutosha kwa umri wangu.

Mikate ya kwanza ilitoka kama matofali. Niliukanda unga ule kama alivyonieleza Bi Hadija kuhusu unga mweupe, na uliponinata vidoleni nikaongeza unga mkavu, ukanata tena, nikaongeza tena, mpaka nikapata donge gumu linalong'aa, nikafurahi. Donge halikuumuka. Lilikaa kwenye sinia kama lilivyowekwa. Siku ya pili niliuacha unga muda mrefu zaidi, ukapanda kidogo, nami nikaona usubiri upande zaidi. Niliporudi ulikuwa umesinyaa katikati kama shavu la kizee. Siku ya tatu niliuweka mlangoni, upepo wa mvua ukaupiga, ukapoa kabisa. Ramadhani alikuwa na cherehani yake kwenye baraza ya nyumba ya pili, na kila asubuhi aliuliza ninachotoa. Nilimpa mkate mmoja aonje. Akaugonga kwenye nguzo, akainama akauweka chini ya mguu wa meza yake. "Ahsante," akasema, "cherehani ilikuwa inayumba." Baraza nzima wakacheka. Mchimbaji mmoja akataka auziwe mwingine wa kuvunjia miamba. Nilirudi uani nikakaa nyuma ya tanuri nikalia, kisha nikapima unga mwingine.

Hapo ndipo Kabula anapoingia. Alikuwa Msukuma wa Didia, ananizidi kama miaka kumi, mrefu, amejifunga kaniki, na alikaa peke yake ng'ambo ya kijito ambako alipika pombe ya mtama na wanzuki ya asali kwa ajili ya wachimbaji. Alikuja kuteka maji kwa Bi Hadija kila siku, akitoa salamu yake ya "Mwangaluka, mayu," na watu wa baraza walijifanya hawakusikia. Siku ile alitua mtungi akanitazama nikikanda, akanitazama tena, akashindwa kuvumilia. "Unga wako una kiu," alisema, kwa Kiswahili chake kilichopanda na kushuka kama Kisukuma. Nilimwambia nimeutia maji. "Umeutia, lakini hujaungoja unywe. Pumba hunywa polepole kama ng'ombe mgonjwa. Wewe unaukanda kabla haujashiba, halafu unapotaka maji zaidi wewe unaupa unga." Nilimwuliza amejulia wapi mkate. Akacheka. "Mkate sijui. Nafaka najua."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Tulichanganya unga na maji ya uvuguvugu bila kuukanda, tukaufunika, tukaenda kula michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga na kunywa chai, na tuliporudi unga ulikuwa mwingine kabisa, laini, unavutika. Aliniambia nilowanishe mikono badala ya kuipaka unga, na nisiogope unga kunata, kwa sababu huo wa pumba lazima uwe majimaji kuliko mweupe. Tuliukunja na kuugeuza, tukaupumzisha, tukaukunja tena. Hatukuupigapiga sana, maana pumba zina makali na hukatakata donge kwa ndani. Tukaliweka sinia, limefunikwa blanketi, karibu na tanuri lililokuwa likianza kupata moto. "Na usisubiri uwe mlima," alisema. "Huu hupanda haraka na kuanguka haraka. Bonyeza kwa kidole. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi kwa uvivu, tia tanurini. Lisiporudi, umechelewa." Watu wengi wamenipa mashauri katika maisha yangu, na mengi yalikuwa ya kuninyamazisha. Haya ya Kabula nimeyatumia kwa miaka yote iliyofuata.

Lakini hamira ya Ramji iliisha juma lile. Na sasa nataka nieleweke vizuri, kwa sababu hapa ndipo uongo ulipozaliwa. Mimi, Tatu, mtoto wa mjini niliyesomeshwa msahafu, ndiye niliyemwuliza Kabula kama machicha ya pombe yake yanaweza kuumua mkate. Nilikuwa nimechoka, nikauliza. Yeye mpika pombe ndiye aliyekataa. "Yanaweza. Kesho asubuhi ungekuwa umeumuka hadi sakafuni," alisema. "Lakini watu wako hawanywi, na watakula bila kujua. Mimi sitamlisha mtu kitu ambacho angekikataa kama angekijua." Alinunua chungu kipya kwa mfinyanzi, chungu ambacho hakijawahi kutiwa kitu, akachanganya ndani yake unga wa ngano na maji, basi. Kila siku tulimwaga nusu na kukilisha kwa unga mpya. Siku ya tatu kilinuka vibaya nikataka kukitupa, akanizuia. Siku ya sita kilianza kutoa mapovu, na harufu yake ikawa kama ya maziwa mgando. Kila alipokuja kwangu aliosha mikono hadi viwiko kwa majivu na maji ya kisima, na kaniki aliyovaa akipika pombe aliiacha kwake. Nani alimwamuru? Hakuna. Alifanya kwa sababu alikuwa mtu wa namna hiyo.

Mkate uliotoka mwishoni mwa juma lililofuata uliinuka hadi ukazidi ukingo wa kopo. Makopo yenyewe tulikatiwa na fundi bati kutoka madebe ya mafuta ya taa. Ulipasuka juu kidogo, ukawa na rangi ya kahawia iliyokolea, na nilipougonga chini ulitoa sauti ya kitu chenye nafasi ndani. Bi Hadija aliukata, akatazama matundu yake, akala kipande kikavu bila chai, akafuta macho kwa upande wa kanga. Alisema, "Huu mweusi unashibisha." Katika mwezi mmoja mikate yangu ilikuwa inapanda malori kwenda hadi machimbo ya Geita, na wafanyabiashara wa Masumbwe waliiagiza kila asubuhi kwa chai. Mwalimu Idrisa mwenyewe, aliyesomesha watoto Kurani chuoni na kuwa na duka la vitambaa, alikula mikate miwili kwa siku.

Ramadhani alimwona Kabula akitoka uani kwangu akiwa na unga hadi viwikoni. Hakuhitaji zaidi ya hapo. Kabla ya adhuhuri baraza zote zilikuwa zinajua kwamba mkate mweusi unaumuliwa kwa pombe ya yule mwanamke wa ng'ambo, na kwamba ndiyo maana una uchachu. Baada ya siku mbili Mwalimu Idrisa alikuja kwa Bi Hadija na wazee wawili. Nilikuwa chumbani, na kama nilivyosema, kuta hazikufika paani. Alizungumza kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko matusi. "Hatusemi Tatu ni mtu mbaya," nilimsikia. "Amwondoe tu yule mwanamke asikanyage hapa. Akimwondoa, Ijumaa tukitoka msikitini mimi nitaumega mkate wake mbele ya watu wote, na maneno yataisha." Bi Hadija akasema nitakubali, mimi ni kijana mwenye akili. Nikatoka.

Nilitoa shikamoo, wakaitikia marahaba. Nikaenda uani nikarudi na chungu, nikakiweka mkekani mbele yao. "Mwalimu, nusa. Onja. Ukikuta pombe, nitaondoka Masumbwe leo." Hakukigusa. Alisema, "Binti yangu, si habari ya kilichomo chunguni. Ni habari ya mikono inayokishika." Nikamwambia, "Mikono hiyo huoshwa kwa majivu hadi viwiko kabla ya kugusa unga wangu. Wachimbaji wakitoka kunywa kwake huja moja kwa moja dukani kwako kununua kaniki na shuka. Kuna siku uliwaambia wakanawe kwanza?" Mzee mmoja akasema, "Astaghfirullah, adabu." Mwalimu akainuka taratibu, akavaa viatu vyake. Nikaongeza, ili kusiwe na shaka, "Kabula hatoki. Mkate huu ni wake kama ulivyo wangu."

Nilipomweleza Kabula, alikasirika na mimi. Alisema niende nikaombe radhi, yeye ana shughuli zake, hatakufa kwa kukosa kukanda ngano. "Wewe ni wao. Mimi nimezoea," alisema. Nilimwambia mimi sijazoea na sitaki kuzoea. Na jioni Bi Hadija aliniita chumbani kwake, akashindwa kunitazama. "Mwanangu, mimi mjane, sina mtoto," alisema. "Nikifa, ni hao watakaoniosha na kunizika. Hama kwangu." Sikumlaumu, ingawa singeweza pia kumwambia kwamba ni sawa. Nilifunga kisanduku changu, nikabeba chungu kifuani, nikavuka kijito na kwenda kukaa kwa Kabula. Sasa walipata walichotaka kusema: Tatu anakaa kilabuni. Nilikaa. Nililala kwenye ngozi ya ng'ombe, upande wa pili wa ukuta mitungi ya pombe ikinong'ona, na sikuonja hata tone, wala Kabula hakuacha kupika, wala sikumwomba aache.

Tulichimba kichuguu tukajenga tanuri jipya. Sikulijenga ng'ambo. Nililijenga kando ya barabara kuu, mahali pa wazi, kila anayepita alione, na Ramji akatupa meza ya dukani. Nilitaka wanione nikipima, nikichanganya, nikikanda, tangu mwanzo hadi mwisho. Siku ya kwanza watu walijaa kama kwenye ngoma. Nilizunguka na chungu mkononi nikawaambia wanuse. Kizee mmoja wa Kisumbwa alitia kidole akalamba, akatangaza kwa sauti, "Uji uliochacha tu huu!" Lakini asubuhi ile ilikuwa ya manyunyu na baridi, na unga kwenye baridi haukimbii. Saa zikapita. Ramadhani, aliyeacha cherehani yake kuja kutazama, akaanza kuimba, "Umelala! Mkate umelala!" na wengine wakaitikia. Nilitaka kuutia tanurini hivyohivyo ili mambo yaishe. Kabula alikuwa amekaa karibu na sinia, amelifunika kwa blanketi lake mwenyewe akabaki na mabega wazi kwenye manyunyu. "Bonyeza," alisema. Nikabonyeza. Shimo likarudi upesi. "Bado," akasema, bila kumtazama mtu. Tukasubiri. Baadhi ya watu walichoka wakaondoka. Nilipobonyeza mara ya nne shimo lilirudi kwa uvivu, na unga ulikuwa umejaa hadi ukingoni, ukitikisika kidogo ulipoguswa. Mikate ilipotoka, madereva na wachimbaji waliinunua yote ikiwa bado ya moto. Watu wa baraza hawakununua hata mmoja. Walikuwa wameona kila kitu, na jioni yake wakasema tulitia pombe kabla hawajafika. Kesho yake nikakanda tena mahali palepale.

Ramadhani ya mwaka ule ilituingilia wiki chache baadaye. Nasema ya mwezi, si ya mtu. Nilifunga siku zote, nikioka huku nimefunga, joto la tanuri usoni na harufu ya mkate puani. Chumvi alinionjea Kabula. Barabara ilikuwa imeanza kukauka, na lori la kwanza la unga mweupe likafika. Mmoja wa wale wazee wawili akaja na ujumbe kwamba tanuri la Bi Hadija lipo, unga mweupe upo, na hamira ya dukani ipo. Nikirudi peke yangu, yaliyopita yamepita. Nilimwambia tanuri ninalo. Alisimama kidogo akitazama mikate, nikaona koo lake linapanda na kushuka, maana ilikuwa alasiri. Wakati huo wake za wafanyabiashara walikuwa wameanza kuagiza mikate yetu kwa siri. Walituma wapita njia, au walipita wenyewe haraka na kuificha chini ya kanga zao mbili, na mimi niliwauzia bila kuwauliza kitu.

Siku moja ya kumi la mwisho, kama saa moja hivi kabla ya magharibi, barabara imejaa watu wanaosubiri adhana, nilimwona Bi Hadija anakuja kutoka upande wa nyumbani kwake. Alikuja katikati ya barabara, si pembeni. Alipita mbele ya duka la Mwalimu Idrisa, ambaye alikuwa amekaa nje na wenzake, akawasalimu, akaendelea. Ramadhani alisimamisha cherehani. Nilitoa shikamoo kabla hajafika mezani. "Marahaba," akasema. Kisha akamgeukia Kabula, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamsikia akisema, "Mwangaluka, mayu," ingawa ilikuwa jioni na salamu hiyo ni ya asubuhi. Kabula akaitikia bila kumsahihisha. "Nipe uliotoka sasa hivi," Bi Hadija akaniambia. Nilimtafutia jani la mgomba la kufungia. Akakataa. Akauweka mkate juu ya kiganja chake kilichonyooshwa, mweusi, moshi ukiutoka, akageuka na kurudi alikotoka, taratibu, katikati ya barabara ileile, mkate ukiwa wazi mbele ya macho ya Masumbwe nzima. Mimi nilisimama nikimtazama mpaka Kabula aliponigusa kiwiko, akasema kuna sinia lingine linasubiri, na lisipotiwa sasa litaanguka.